Utepe Mwekundu kwenye Waya wa Mwisho

Mimi sisahau. Mama hupenda kuwaambia wageni kwamba siku ya kuniachisha ziwa alijipaka pilipili, nami nikamnunia mpaka nilipoanza shule. Anatia chumvi, lakini si nyingi. Mtu akinikosea namweka mahali, namfunika vizuri, na mara mojamoja naenda kumfunua nione kama bado yupo. Injinia wa Jinja nilimweka hivyo kwa miaka minne.

Siku hizo nilifanya kazi katika kiwanda cha mafuta ya kupikia, nikapanga chumba Nalufenya. Nilikuwa fundi msaidizi wa mtandao wa mitambo, na injinia ndiye aliyekuwa mkubwa wangu. Kwenye karakana mwanamke nilikuwa peke yangu, mwenye hijabu, na juu ya hayo mwenye Kiswahili. Hilo la mwisho liliwasumbua watu kuliko mengine yote. Jinja ukisema Kiswahili bila kusitasita, wazee wanakutazama miguuni wakitafuta buti za jeshi. Waliniuliza kama baba yangu alikuwa jeshini. Baba alikuwa muuza nyama Mbale, na Kiswahili chetu kilitoka madrasa, kingine kwa madereva wa Kenya waliosimama bandani kwake asubuhi kununua maini.

Kisha zikaja swichi mpya. Hapa naeleza kidogo, maana bila hili hutaelewa kwa nini nilimchukia mtu mpaka nikakonda. Swichi ni sanduku ambamo nyaya za mitambo hukutana, ili mashine ya kujaza chupa iweze kusemezana na mzani, mzani na boila, na zote na kompyuta ya ofisini. Swichi za ofisi ni za plastiki, zinakaa mezani karibu na chai. Ya kiwandani ni ya chuma, nzito mkononi, haina feni wala kitu chochote kinachozunguka, na hukaa kwenye reli ya bati ndani ya kabati la umeme. Unaiinamisha, unaishikiza juu, unaisukuma chini mpaka usikie "tak". Unaanza na waya wa ardhini, ule wa kijani na njano, na wala usijaribu kuuruka. Halafu umeme, njia mbili kutoka vyanzo viwili, kimoja kikifa kingine kishike. Niliipenda kazi hiyo. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyopenda kabati lililopangwa sawasawa.

Swichi zetu zilikuwa tano, za kuzunguka kiwanda kizima: ya kwanza kwenda ya pili, ya pili kwenda ya tatu, mpaka ya tano irudi kwa ya kwanza. Mafundi tunaita pete. Faida yake ni kwamba panya akikata waya mmoja, habari zinapitia upande wa pili na kazi haisimami. Lakini pete ina mwiko. Waya wa mwisho, ule unaofunga duara, hauchomekwi mpaka fundi aingie katika kila swichi kwa kompyuta na kuiambia kwamba imo ndani ya pete. Swichi isiyoambiwa hulipokea neno ikalitupa kwa jirani, jirani naye akalitupa mbele, likazunguka, likarudi, likatupwa tena, kama umbea kwenye nyumba za kupanga, mpaka hakuna anayesikia chochote. Ni sekunde chache tu, kiwanda kizima kinapigwa na bumbuwazi.

Siku yenyewe nilikuwa nimeshaziambia nne, imebaki ya tano. Waya wa mwisho niliuacha ukining'inia, nikauzungushia utepe mwekundu, nikaandika juu yake kwa kalamu nzito: USICHOMEKE. Adhuhuri ikaingia. Nikatoka kwenda kuswali, na afande wa lango akaiandika saa yangu kwenye daftari lake kama alivyoandika saa za watu wote.

Niliporudi, sakafu ya ukumbi wa chupa ilikuwa inang'aa. Mafuta. Mashine za kujaza zilikuwa zimeendelea kumimina bila kujua kwamba chupa zimesimama. Mkurugenzi alikuwa pale na wageni wake wawili, viatu vimelowa, na injinia alikuwa ameninyooshea kidole kabla hata sijafika.

"Ndiyo huyu," akasema. "Nnyabo huyu anawacha waya vibaya, anakwenda kusali." Nnyabo ni bibi kwa Kiganda, neno la heshima, lakini si kinywani mwake.

Nikaenda kwenye kabati. Waya wa mwisho ulikuwa umechomekwa. Utepe haukuwepo, si kwenye waya, si sakafuni. Nikajua palepale. Injinia hakuweza kuvumilia kuona kitu kinaning'inia. Mezani kwake hata kalamu zililazwa mstari mmoja. Aliwaleta wageni awaonyeshe pete yake, akafungua mlango, akakuta waya mmoja umelegea kama kamba ya kiatu, akaona haya mbele za watu, akauchomeka.

Nikasema swichi ina kumbukumbu, tuisome. Ni kweli, swichi huandika kila tundu lake linapowaka na linapozimika, saa na dakika. Tungeona waya ulichomekwa saa ngapi, tukalinganisha na daftari la afande, yakaisha. Mkurugenzi akakubali. Nikafungua kompyuta mbele yao wote, miguu yangu ikiteleza kwenye mafuta. Kumbukumbu ikasema waya ulichomekwa tarehe mosi Januari, mwaka 1970.

Swichi mpya haijui leo ni lini. Usipoiwekea saa, huanza kuhesabu kutoka siku hiyo kila inapowashwa. Kuziwekea saa ilikuwa kazi yangu mimi, na nilikuwa nimeipanga iwe ya mwisho kabisa, kwa kuwa niliona haina haraka. Hata kuhesabu kurudi nyuma hakukuwezekana, kwa sababu injinia alikuwa ameshazima umeme wa makabati yote na kuuwasha tena, hesabu ikaanza upya. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Injinia akacheka. "Bosi, unaona? Mashine inasema huyu aliharibu mbele ya kuzaliwa."

Wageni wakacheka. Mkurugenzi naye akacheka, akanipungia mkono kama mtu anayefukuza nzi. Saa tisa kamili nilikuwa nje na begi langu, na barua yenye saini ya injinia, na afande akaiandika saa hiyo pia.

Nikarudi Mbale, mtaa wa Malukhu, kwa mama. Miezi ya kwanza sikuchukia sana kufukuzwa. Nilichukia yale maneno, "anakwenda kusali". Alikuwa na uongo mwingi wa kuchagua, akachagua huo, akaichukua sala yangu akaifanya ndiyo kosa. Na uongo wake ulikuwa na miguu. Mafundi wa mitambo huku mashariki hatuzidi wa kujaa kwenye arusi moja. Nilipoomba kazi Tororo, aliyenihoji alinitazama akitabasamu, akauliza, "Ndiyo wewe Fundi wa Sabini?" Iganga wakauliza hivyohivyo. Sikuwa na kitu kingine duniani isipokuwa jina langu la ufundi, na jina lenyewe lilikuwa limegeuzwa mzaha.

Nikabaki kufunga kamera kwenye maduka na shule moja ya Nabuyonga. Kila kamera, kabla sijagusa kitu kingine, niliiwekea saa. Ikawa kama ugonjwa. Nilipokwenda kumsalimia mtu nikakuta saa yake ya ukutani imechelewa, niliishusha nikaiweka sawa. Mama alisema hakuna mwanamume atakayeoa mtu wa namna hiyo, nami nikamwambia basi aje aliye na saa nzima.

Katika wateja wa kamera alikuwapo Haji mmoja mwenye kinu cha mahindi, mzee mpole wa sauti ya chini. Alinunua mashine mpya, na kazi ya mtandao wake akaipa kampuni ndogo ya Jinja. Akaniita.

"Mwanangu, mimi najua mahindi," akasema. "Hii mambo ya mataa-mataa sijui. Wewe simama pale na hawa watu. Ukisema bado, basi ni bado. Mimi sitii saini."

Maboksi yakatangulia. Nikayafungua, nikahesabu swichi nne, nikachukua karatasi ya mzigo niikague. Chini kulikuwa na saini yenye mkia mrefu kama wa panya. Ilikuwa ndiyo ileile ya chini ya barua yangu. Injinia alikuwa ameanzisha kampuni yake.

Nikakaa juu ya boksi. Nisiseme uongo, nilifurahi. Nilifurahi kama mtoto aliyeambiwa Idi ni kesho.

Alikuja asubuhi kwa barabara ya Tirinyi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Aliponiona alisimama kidogo, kisha akapiga makofi.

"Eeh! Nnyabo wa Sabini! Bado unasali?"

"Bado, injinia," nikasema, nami nikacheka.

Nikajitolea kuziweka swichi mimi, yeye aongee na watu. Alipenda hilo; siku zote alipenda mtu mwingine ndiye ainame. Nikafunga waya wa ardhini, nikaleta umeme njia mbili, nikasikia "tak" mara nne. Nikaipa kompyuta yangu anwani ya ukoo mmoja na swichi zile ili zikubali kuongea nayo. Nikaingia. Kabla ya neno la siri, kabla ya majina, kabla ya lolote, nikaweka saa. Nikailinganisha na simu yangu mara mbili, sekunde kwa sekunde. Kisha nikaziambia swichi tatu kwamba zimo ndani ya pete.

Ya nne sikuiambia. Ilibaki dakika kumi za kazi na adhana ilikuwa bado. Ningeweza. Nilikaa pale nikipangusa kabati lisilo na vumbi.

Waya wa mwisho nikauacha ukining'inia mbele kabisa, usawa wa kifua, mahali ambapo kila anayefungua mlango atauona. Nikatoa kwenye begi roli la utepe mwekundu. Lilikuwa lilelile la Jinja; niliondoka nalo, na sikuwahi kulitumia tena. Nikauzungushia waya, nikaandika: USICHOMEKE. Na mashine ya kujaza magunia ilikuwa inafanya kazi, imeshaunganishwa kwenye swichi ya kwanza, kwa kuwa Haji alikuwa na wateja wanaongoja. Ningeweza kuomba izimwe. Sikuomba.

"Injinia," nikasema kwa sauti ya kusikika na wapakiaji wote, "swichi ya nne bado. Waya huo usiguswe."

"Kale," akajibu, yaani sawa, macho kwenye simu.

Msikitini sikuwa na sala. Mungu anisamehe, mwili ulisujudu, moyo ulikuwa ndani ya kabati. Niliomba yule mtu asibadilike. Wengine huwaombea adui zao waongoke. Mimi niliomba wangu abaki vilevile, walau mpaka saa nane.

Haji alikuwa safu za mbele za wanaume. Baada ya sala alinikuta kwenye viatu, akasema twende pamoja kwenye pikapu yake. Tulipoingia langoni, afande alikuwa anakimbia huku na huku, na kinuni hewa yote ilikuwa nyeupe. Mashine ya magunia ilikuwa imemwaga unga mpaka umefika magotini. Wapakiaji walikuwa wanakohoa nje, weupe kuanzia kichwani. Injinia alikuwa amesimama katikati, mikono imeshika kiuno, unga kwenye kope. Alipoona ni Haji, kidole kikanyooka kuja kwangu kabla hajafikiri.

"Haji! Huyu nnyabo yako anawacha waya vibaya, anakwenda kusali!"

Neno kwa neno. Miaka minne, na hakujisumbua hata kutunga jipya.

Haji akavua kofia yake, akaikung'uta, akairudisha. "Anakwenda kusali," akarudia polepole. "Na mimi nilikuwa nimekwenda wapi?"

Injinia akafungua mdomo. Nilikuwa nimeshafungua kompyuta. Nilikipangusa kioo kwa ncha ya hijabu, nikasoma kwa sauti: tarehe ya siku ileile, swichi ya nne, tundu la nane, limewaka saa saba na dakika ishirini na mbili.

"Saa hiyo," Haji akasema, "imamu hata hajatoa salamu. Huyu alikuwa nyuma, mimi mbele."

"Hizi mashine wakati mwingine..." injinia akaanza.

"Toa utepe," nikamwambia.

"Utepe gani?"

"Ulio mfukoni mwako. Wa kulia."

Hilo lilinichukua miezi miwili kulijua, nimelala kwa mama nikitazama dari. Mtu asiyevumilia waya unaoning'inia havumilii taka sakafuni. Hakuutupa utepe wa Jinja. Aliondoka nao mfukoni, mbele yangu, wakati mimi natafuta chini ya kabati. Injinia akatazama wapakiaji, akamtazama Haji, akatia mkono mfukoni. Kikatoka kidonge chekundu, kimejikunja, herufi tatu za mwanzo bado zinasomeka. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Hii ilikuwa na urefu wa miaka minne na barabara yote ya Tirinyi.

"Unataka nini, mwanangu?" Haji akauliza.

Jibu nilikuwa nalo tayari, nimelishika kama mtoto anavyoshika aya ya mtihani. Nikasema nataka injinia ampigie simu mkurugenzi wa kiwanda cha Jinja, sasa, sauti itoke nje, amweleze nani alichomeka waya siku ya mafuta. Injinia akasema hiyo ni mambo ya zamani. Haji akasema, "Basi saini yangu pia ngoja iwe mambo ya zamani." Injinia akapiga.

"Bosi, habari. Ni mimi. Ile siku ya mafuta, ile waya... ni mimi nilichomeka. Si yule nnyabo."

Kisha sauti ya mkurugenzi, ikitoka mahali penye watu wengi: "Nnyabo gani?"

Hilo sikulitegemea. Nilikuwa nimembeba mtu yule kila siku, nimesikia kicheko chake nikipiga pasi, nikipika, nikipanda ngazi na waya begani. Kumbe kwake sikuwa hata mtu wa kusahau. Injinia akanitazama, na niliona usoni kwake tumaini dogo, kwamba labda yameisha.

"Mwambie tena," nikasema. "Anza mwanzo. Mwambie viatu vya wageni."

Akasema tena. Wageni, mafuta, utepe. Mkurugenzi akapasuka kicheko. "Ahaa! Yule wa Sabini! Amefanya nini tena?"

"Mwambie tena."

"Nnyabo, tafadhali..."

"Tena."

Mara ya tatu injinia hakuongea haraka. Alisema aliutoa utepe kwa mkono wake, akausoma, akautia mfukoni. Alisema aliuona umeandikwa. Jasho lilikuwa linachora mistari kwenye unga wa mashavu yake, na mimi niliitazama mistari hiyo yote, sikuukosa hata mmoja. Upande wa pili watu wakaanza kunyamazishwa. Safari hii mkurugenzi hakucheka.

"Kumbe ni wewe," akasema, na simu ikakatika.

Injinia akaenda bombani kunawa. Nikavuta kiti, nikaiambia swichi ya nne kwamba imo ndani ya pete, nikauchomeka waya wa mwisho kwa mkono wangu mwenyewe. Kisha nikachomoa mwingine kwa makusudi, kujaribu. Taa zikapepesa kidogo, zikatulia kijani, mashine haikushtuka. Haji alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote.

"Hiyo imechukua dakika ngapi?"

"Kumi, Haji."

"Ungeweza kuifanya kabla ya sala?"

Nikafunga mlango wa kabati. Akautazama ule mlima wa unga, unga wa watu waliokuwa wanaungoja.

"Siku nyingine ukiwa na kesi na mtu," akasema kwa ile sauti yake ya chini, "usiisikilizie ndani ya unga wangu." Akanipa ufagio, akaondoka.

Nikafagia. Uso uliniwaka kwa aibu, na unga uliniingia mpaka shingoni ndani ya hijabu, na nilikuwa nimekosa, najua. Lakini sikujuta, hata nilipojaribu. Nilikuwa sijafika nusu injinia alipopita na begi lake kuelekea nje, ameinamisha kichwa. Nikasimama, nikatazama saa ya mkononi, nikamwita afande wa lango.

"Afande, huyu anatoka," nikamwambia. "Andika. Saa tisa kamili."